Kidaka na Wingu

Shekuwe, mtoto wa ndugu yangu, fundi wa simu pale Langoni,
amekuja na waya mbili na maneno mengi.
"Shangazi, weka vyote winguni. Huko hakuna chumvi."

Winguni.
Nami nimezaliwa Mkomani, nyumba ya matumbawe,
ambako wingu maana yake ni kukimbilia darini kuanua nguo.
Sijaona mtu akimkabidhi amana mpita njia.

Diski yangu ni nyeusi, ndogo kuliko chanuo.
Ndani mna gigabaiti arobaini na moja:
hati ya nyumba, imepigwa picha kurasa zote hadi madoa ya chai,
vyeti vya watoto,
eksirei ya goti la marehemu mume wangu
(sijui naitunzia nini, goti lenyewe limeshakuwa udongo),
picha mia tisa za harusi ya Rukia, mia nane ni migongo ya watu,
na sauti ya dada yangu Mwanatumu,
dakika sita na sekunde kumi na moja,
akinifunza kukanda unga wa mofa.
"Usitie maji mangi," asema.
Dakika nne zikitimia anacheka.
Sikumbuki alichekea nini.

Mwaka juzi diski ya kwanza ilikufa.
Haikupiga kelele. Ilifanya ki, ki, ki,
kama panya ndani ya debe, kisha kimya.
Shekuwe akaifungua, akanionyesha kutu:
hewa ya bahari, asema, hulamba kila chuma.
Nikamwambia hulamba hata misumari ya mlango wa babu,
na mlango ungali unafunga.
Hakunijibu.

Basi nikamuuliza habari za wingu.
Liko juu ya nchi gani?
Akasema halina juu, ni majumba ya mashine,
yako mbali, yanapozwa usiku na mchana.
Kumbe ni diski ya mtu mwingine.
Ndiyo, shangazi, lakini anazo nyingi.
Kodi je? Kila mwezi.
Nisipolipa? Watakungoja kidogo.
Na nikifa?
Hapo akatazama waya zake.

Kaka yangu Famau, anayeogopa hata benki,
ataka niifukie diski kwenye kopo la mchele.
Mchele huvuta unyevu, asema.
Huvuta na fukusi, nikamwambia,
na fukusi hawachagui.

Jana, baada ya isha, nikaamua bila kuamua.
Hati na vyeti viende juu;
serikali ikitaka karatasi haiulizi ililala wapi.
Migongo nikaifuta, Rukia asijue.
Goti nikaliacha.
Mwanatumu nikamfunga kote kuwili, diskini na winguni,
kama mbuzi mkorofi, kamba mbili.

Shekuwe akanitaka nywila. Iwe ndefu, mtu asiibahatishe.
Nikatunga: jina la punda wetu wa zamani,
mwaka aliokufa, na alama ya kuuliza.
"Na usiiandike popote."
Nikangoja atoke.
Nikaiandika kwa wino, nikakikunja kijikaratasi,
nikakitia kidaka cha tatu kutoka kushoto,
nyuma ya bakuli la kijani lililoungwa kwa gundi,
pale mama alipoweka funguo
na bibi yake pete za watu za rehani.
Basi wingu lote, pamoja na majumba yake ya baridi,
limening'inia kwenye ukuta wa chokaa,
na mende wanaijua njia.

Saa nne usiku bando likakata.
Kioo chasema: asilimia sitini na tatu.
Kwa hesabu yangu Mwanatumu amepanda
mpaka dakika ya tatu na ushei.
Unga umeshachungwa, maji yameshatiwa, si mangi.
Kicheko hakijafika.
Kingali huku chini, na mimi,
na feni inayozunguka ikisimama.